Mtoto wa mbwa anakunywa maji kupita kiasi na hakui: kabla ya kusema ni joto la Dodoma, pima maji

#1 Mwanzisha uzi (Nzuguni)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nauandika kwa ajili ya mwenye mbwa wa miezi mitatu mpaka mwaka na nusu hivi, ambaye hatoki kwenye beseni la maji na mwili hauongezeki. Kama ni wewe, soma kwanza kabla hujamwita mtu aje kumchoma sindano.

Mimi ni kati ya wengi tuliojenga huku pembezoni mwa jiji baada ya Serikali kuhamia Dodoma. Ukimaliza ukuta na geti, unatafuta mbwa. Nikanunua German Shepherd jike wa miezi miwili kwa shilingi laki nne. Muuzaji alinionyesha baba na mama, mbwa wakubwa, manyoya yanang'aa. Siku hiyohiyo jirani yangu akachukua dume wa uzao uleule. Watoto wangu wakampa wa kwetu jina la Tembe.

Tangu wiki ya kwanza Tembe alikuwa anakunywa sana. Kukojoa nako hivyohivyo, mkojo mweupe kama maji ya bomba, hauna hata harufu. Tukasema ni joto. Hapo ndipo tulipopotea. Huku kwetu upepo ni mkavu, jua ni kali, na ikifika Oktoba kila kiumbe kinatafuta kivuli na maji. Mbwa anayekunywa sana Dodoma hamshangazi mtu. Ningekuwa naishi Njombe au Lushoto, naamini ningeshtuka mapema.

Alipofika miezi mitano, ndugu yake wa kwa jirani alishampita kimo na uzito kwa mbali. Tembe akaanza kuchagua chakula. Nikampa dawa ya minyoo, nikarudia. Akaja mtu akasema ni kupe, akamchoma sindano siku tatu. Akachangamka kidogo, akarudi palepale. Alipoanza kuchechemea nikampa vidonge vya maumivu vilivyokuwa ndani, vya sisi binadamu. Hilo nitalirudia.

Linaloniuma zaidi ni hili. Alikuwa analala barazani, na kila kukicha mkeka umelowa. Tukawa tunamgombeza. Kisha nikaamua mwenyewe kwamba saa kumi na mbili jioni beseni linaondolewa, linarudi asubuhi. Nikafanya hivyo wiki mbili, nikidhani namfundisha. Usiku mmoja nikasikia ndoo inagongwa huko bafu la nje. Nikatoka na tochi, nikamkuta amesimama kwa miguu ya nyuma, kichwa amekizamisha kwenye ndoo ya maji ya kufulia, yana sabuni, anakunywa. Aliponiona hakukimbia. Aliendelea kunywa huku ananitazama.

Asubuhi yake akatapika mara nne. Nikampigia daktari wa mifugo niliyeelekezwa na mfanyakazi mwenzangu, dada mmoja mtulivu sana. Alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, huyu anakunywa lita ngapi kwa siku?" Sikuwa na jibu. Alimfunua midomo, fizi zilikuwa zimepauka. Akanusa pumzi yake, akaniita na mimi ninuse. Ilikuwa ni harufu ya mkojo, inatoka mdomoni.

Kabla ya kumtundikia dripu alikinga mkojo kidogo kwenye kikombe safi, akasema ukichukuliwa baada ya dripu hautamwambia kitu. Akachukua na damu.

Naendelea kwenye #2, watoto wanataka kula.

#2 Mwanzisha uzi

Nimerudi. Alituliza kutapika, siku ya tatu Tembe akawa amesimama. Akaniambia sasa nipime maji nyumbani. Naeleza nilivyopima kwa sababu inaonekana rahisi kumbe ina mitego yake.

Asubuhi unajaza beseni kwa chupa ya lita moja na nusu, unaandika. Kila ukiongeza unaandika. Kesho saa ileile unapima yaliyobaki, unatoa. Mtego wa kwanza ni kuku. Kuku wa kienyeji wanakunywa kwenye beseni la mbwa kutwa nzima, kwa hiyo nikamfungia Tembe upande wake. Wa pili ni upepo wetu. Maji yanakauka yenyewe, basi nikaweka beseni jingine la ukubwa uleule mahali ambapo hakuna mnyama anayelifikia, nikapima limepungua kiasi gani, nikatoa kwenye hesabu. Nikapima siku tatu mfululizo.

Mbwa wa kawaida hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto anayecheza kwenye joto huzidisha kidogo, na anayekula chakula cha majimaji hupunguza. Ikipita 100 kwa kilo, hilo si joto tena. Tembe alikuwa na miezi saba na kilo 13. Kwa uzito ule, hata lita moja na robo ilikuwa nyingi. Alikuwa anakunywa lita 2.9.

Majibu ya vipimo: uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji ulikuwa 1.009. Mbwa mwenye figo nzima, akiwa na uhitaji, huukaza mkojo ukapita 1.030. Unaokaa kati ya 1.008 na 1.012 maana yake figo zinapitisha tu, hazikazi wala hazizimui. Kreatinini ya damu, yaani taka ambayo figo zinatakiwa kuichuja, ilikuwa 512. Ngazi ya nne ya ugonjwa wa figo, ambayo ndiyo ya mwisho, huanzia juu ya 440. Fosforasi ilikuwa juu kuliko hata ile ya kawaida ya mbwa anayekua, na damu ilikuwa pungufu.

Tukaenda Morogoro kupata ultrasaundi nzuri. Zaidi ya kilomita 250, kichwa cha Tembe mapajani mwa binti yangu, na tulisimama Kibaigwa, Gairo na Dumila ili akojoe. Figo zote mbili zilikuwa ndogo, kingo hazijanyooka, na ule mpaka wa ndani kati ya tabaka la nje na la kati hauonekani. Yule daktari aliyeshika mashine akasema polepole: "Hizi hazikuharibika juzi. Hazikuwahi kukamilika."

#3 Mfugaji wa Kikuyu

Pole sana mkuu. Lakini hukuuliza habari za zabibu? Sisi wa Dodoma tunajua mbwa akila zabibu figo zinakufa. Na huko Nzuguni maji ya visima ni ya chumvi, mimi ningeanzia hapo.

#4 Mwanzisha uzi

Maji nilijiuliza hata mimi, mkuu. Ndugu yake wa kwa jirani amekunywa maji ya kisima kilekile tangu siku ileile na leo ni dume la kilo 30. Maji ya chumvi yatamfanya mbwa anywe zaidi, hilo nakubali, lakini hayawezi kumfanya azaliwe na figo ndogo. Zabibu namwachia anayejua zaidi.

#5 Daktari Mstaafu

Wanajukwaa, nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi kanda hii, niruhusuni.

Zabibu ni kweli, na hapa kwetu tunakovuna mara mbili kwa mwaka ni jambo la kutiliwa mkazo. Zabibu mbichi na zilizokaushwa zote zinaweza kuua figo za mbwa. Miaka ya karibuni, tangu 2021, wataalamu wa sumu nchini Marekani wanaelekeza kidole kwenye asidi ya tatariki iliyomo ndani yake, na asidi hiyo imejaa pia kwenye ukwaju. Kwa hiyo mwenye mti wa ukwaju uani naye awe macho, asimpe mbwa makapi ya juisi. Ila sumu hiyo hupiga ghafla. Mbwa alikuwa mzima jana, leo anatapika, na ndani ya siku moja hadi tatu mkojo unapungua au unakatika kabisa. Figo zake ukizitazama ni za ukubwa wa kawaida, au zimevimba. Huyu wa mwenye uzi alikunywa na kukojoa sana kwa miezi mitano, hakui, na figo ni ndogo. Hadithi mbili tofauti kabisa.

Kuna na homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022. Inaletwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, inaumiza figo za mbwa na inaambukiza binadamu. Mpaka daktari aiondoe kwenye orodha, mkojo wa mbwa mgonjwa usishikwe bila glovu, na watoto wasifagie pale alipokojoa. Chanjo yake ipo, waulizeni madaktari wenu.

Sasa figo za kuzaliwa nazo. Mtoto wa mbwa huzaliwa figo zake bado zinajengwa. Ujenzi wa vichujio huendelea wiki mbili hadi tatu baada ya kuzaliwa. Kitu kikivuruga kazi hiyo tumboni au katika siku hizo za mwanzo, unabaki na figo ambayo sehemu yake imekomaa na sehemu imebaki kama ya kijusi, iliyozungukwa na nyama za kovu. Mbwa anaishi kwa ile sehemu nzuri. Anapokua mwili unadai zaidi, vichujio vichache vilivyopo vinabeba mzigo wa vyote, navyo vinachakaa mapema. Ndiyo maana wengi huonekana wazima wakiwa na wiki nane, siku ya kuuzwa, kisha wanaanguka kati ya miezi minne na miaka miwili.

Na mjue siri ya mkojo. Uwezo wa kuukaza hupotea zikishaharibika kama theluthi mbili za vichujio. Kreatinini ya damu huanza kupanda zikishaharibika robo tatu. Kwa hiyo mkojo husema kabla ya damu. Isitoshe kreatinini hutoka kwenye misuli, na mtoto aliyekonda hana misuli. Namba inayoonekana ya wastani kwa mbwa mkubwa inaweza kuwa mbaya kwake. Kikombe cha mkojo wa asubuhi na kile kidude cha kupimia mkojo, kama darubini ndogo, kitakusaidia kuliko sindano tatu za kubahatisha.

#6 Mama wa Ipagala

Shikamoo dokta. Nina jike chotara, miezi sita, hapati shida ya kukua lakini pale anapolala panalowa kila siku. Nimesoma huu uzi mikono inatetemeka. Je, ndiyo hiyo?

#7 Daktari Mstaafu

Marahaba mwanangu. Usiogope kabla ya wakati. Jike mdogo anayevuja akiwa amelala au anatembea, lakini anakunywa kawaida na anakua vizuri, mara nyingine tatizo ni mrija unaotoka kwenye figo. Badala ya kuingia kwenye kibofu umepita ukaunganika mbele zaidi. Nao ni ubaya wa kuzaliwa, lakini huo hufanyiwa upasuaji. Inaweza kuwa pia uchafu wa njia ya mkojo, na huo unatibika. Mpime maji kama mwenzako alivyoeleza, siku tatu, kisha uje. Na kama unamwondolea maji usiku, mrudishie leo hii.

#8 Mwanzisha uzi

Dada wa Ipagala, namuunga mkono mzee wetu, na hilo la maji nalirudia kwa herufi kubwa: USIMNYIME MAJI. Mbwa mwenye figo mbovu hanywi sana kwa tamaa. Mkojo unamtoka apende asipende, anakunywa ili kufidia. Ukimwondolea beseni, mkojo unaendelea kutoka na yeye anakauka. Zile wiki mbili nilizomfungia maji ndizo zilizomwangusha Tembe. Daktari hakunisema vibaya, alinieleza tu inavyokuwa, nikaelewa mwenyewe.

Na vidonge vya maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hubana damu inayoingia kwenye figo, na mbwa huumia nazo hata akiwa mzima. Kumbe kule kuchechemea nako kulitokana na figo. Fosforasi ikizidi kwenye damu, mwili unaanza kuvuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Kwa mbwa wadogo taya ndilo linaloonyesha zaidi, linakuwa laini, meno yanacheza. Binti yangu ndiye aliyegundua, alikuwa anamlisha kwa mkono akasema, "Baba, meno ya Tembe yanatikisika."

#9 Mtoto wa Hombolo

Mkuu ulimlisha nini? Daktari wa kwetu alisema chakula maalumu cha figo, nikauliza bei nikarudi nyumbani.

#10 Mwanzisha uzi

Chakula cha dukani sikukimudu mfululizo hata mimi. Tuliyofanya ni haya, kwa maelekezo ya daktari, na wewe muulize daktari wako kwa sababu mtoto anayekua hafanani na mbwa mzee. Mbwa mzee wa figo hupunguziwa nyama. Mtoto ukimkatia protini kupita kiasi anadumaa zaidi. Kinachopiganiwa kwanza ni fosforasi.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa kila nilichokuwa nampa kwa upendo ndicho kilichokuwa kinammaliza. Dagaa, kwa mfano. Unasaga dagaa wazima na mifupa yao, unakoroga na ugali wa dona, unaona umempa chakula bora. Kwa mbwa mzima ni chakula bora kweli. Kwa Tembe ulikuwa mzigo wa fosforasi. Mifupa ya bucha, vichwa vya samaki, maziwa, pumba, vyote vikaondoka. Tukahamia wali mweupe, ute wa yai uliochemshwa, kipande kidogo cha nyama yenye mafuta, na mafuta ya kupikia kijiko kimoja ili apate nguvu. Ute wa yai una protini safi na fosforasi kidogo sana, kiini ndicho chenye nyingi. Daktari aliongeza dawa ya kushika fosforasi tumboni, inachanganywa na chakula chenyewe, siyo kabla wala baada. Na dawa ya kupunguza asidi, maana sumu ya mkojo ikizidi inachoma tumbo na kutoa vidonda mdomoni.

Kila siku ya pili nilimwekea maji ya dripu chini ya ngozi ya shingo. Nilifundishwa, mkono ulinitetemeka mara mbili tatu za kwanza, baadaye ikawa kazi ya dakika kumi. Alikuwa anajua saa. Akisikia natoa chupa anakuja mwenyewe, anakaa.

Hakupona. Sitaki mtu atoke hapa akidhani kuna mzizi au kidonge cha kuotesha figo. Watakuja watu inbox na majani yao, waambieni hapana, figo iliyochoka haihitaji kazi nyingine ya kuchuja. Lakini alipata miezi minne ambayo hakuwa na kiu ya kuomba, na mkeka wake tulibadilisha kila asubuhi bila neno. Mbwa aliyegunduliwa mapema, kwenye ngazi ya kwanza au ya pili, anaweza kupata miaka.

Mwezi uliopita aliacha kula kabisa, akawa anatapika hata maji. Daktari akaja nyumbani, tukamlaza kwa sindano pale barazani, kivulini. Alikuwa na miezi kumi na moja.

#11 Mfugaji wa Kikuyu

Poleni sana familia nzima. Je, karithi? Maana mimi nazalisha, nataka kujua.

#12 Daktari Mstaafu

Swali zuri, na lijibiwe kwa uangalifu. Kuzaliwa nao si lazima kuurithi. Virusi vya hapesi vya mbwa vikiwapata watoto tumboni au wiki za mwanzo vinaweza kuharibu ujenzi wa figo. Lakini kwa mbegu kadhaa urithi umethibitishwa kabisa. Kwa English Cocker Spaniel mtoto lazima apokee kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, nao wenyewe ni wazima. Kwa Samoyed imo kwenye kromosomu ya X, madume ndio wanaoumia vibaya. Bull Terrier anatosha mzazi mmoja. Shih Tzu na Lhasa Apso wanajulikana kwa figo zisizokamilika, na wengine hubeba kasoro kidogo wasiugue maisha yao yote, ila wanaipitisha. Hakuna mbegu yenye kinga, wala mbwa wetu wa kienyeji.

Ndiyo maana afya ya wazazi siku ya kununua haithibitishi kitu. Kwa mzalishaji naona njia ya heshima ni moja. Akitokea mtoto mmoja wa namna hii, wazazi wale wasirudiwe, na ndugu zake wapimwe mkojo na wasizalishwe. Na ukipoteza mtoto, mpasuliwe achunguzwe, kipande cha figo kiangaliwe kwa hadubini. Bila hivyo tunabahatisha.

#13 Mwanzisha uzi

Tembe alichunguzwa, dokta. Figo moja ilikuwa ndogo kama yai la kanga. Hadubini ikaonyesha vichujio vya kijusi, kama ulivyoeleza.

Nilichukua karatasi ile nikampelekea muuzaji. Sitamtaja, na naomba mtu yeyote anayemdhania asimtaje hapa. Sikwenda kudai laki nne. Nilitaka aione. Aliisoma, akasema pole, akasema ni bahati mbaya, kila uzao una mmoja. Wiki hii nimeona tangazo, baba yuleyule, mama yuleyule, watoto saba. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba nilirudi kwangu nikakaa kwenye gari muda mrefu.

Jirani yangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alisoma ile karatasi mara moja. Dume lake tulipima mkojo, 1.041, yuko salama. Alikuwa ameshapata ahadi za watu watatu wanaotaka kupandisha kwake. Jumamosi amempeleka kuhasiwa.

Kwa hiyo nawaomba wanunuzi, ukienda kuchagua, usiangalie manyoya tu. Omba ukae saa nzima. Tazama nani anarudi rudi kwenye maji, nani mdogo kuliko wenzake, nani analala pekee. Muulize mwenye mbwa kama wa uzao uliopita wako hai na wako wapi, na upewe namba ya mmoja wao. Akikasirika, ondoka.

#14 Mama wa Ipagala

Nimepima siku tatu jamani. Kuku nimewafungia, na beseni la upepo nimeweka kama mlivyosema. Kilo 19. Siku ya kwanza lita 1.1, ya pili lita 1, ya tatu lita 1.2. Mkojo wa asubuhi dokta wa hapa kapima, 1.036. Kaona kuna uchafu kwenye mkojo, kampa dawa ya siku kumi na nne, tukimaliza anarudia kupima.

#15 Mwanzisha uzi

Dada, hizo ni namba za mbwa mzima wa figo. Maliza dozi yote hata akiacha kulowanisha. Na beseni lijae usiku.